Siku Arobaini za Kutojua

Mgeni afikaye katika nchi ile kwa mara ya kwanza hushangazwa na utulivu wa wanasayansi wake. Hawabishani. Hakuna anayemkatiza mwenzake mkutanoni, hakuna anayeandika makala ya kumpinga mwingine, na maabara zao ni kimya kama nyumba yenye mgonjwa. Akiuliza sababu, huambiwa kwa fahari kwamba ubishi wa kitaalamu ulikomeshwa kwa sheria, na kwamba tangu hapo hakuna nadharia iliyopinduliwa mwenyewe akiwa hai.

Sheria hiyo ilikuja kwa haja. Zamani wanasayansi wa huko walikuwa kama wa kwingineko: mmoja alisema hivi, mwingine akapima akasema vile, hata mwaka mmoja ukawa na nadharia tatu za homa na mbili za mvua. Katika mtihani wa darasa la saba wa mwaka huo kulikuwa na swali lenye majibu matatu, yote sahihi, ikitegemea tu kitabu kilichapwa mwezi gani. Mtoto wa waziri aliandika yote matatu akapewa sifuri. Bunge lilikutana wiki hiyo hiyo.

Ndipo ikapitishwa Sheria ya Utulivu wa Maarifa. Kila nadharia ilipewa mtu mmoja wa kuishika, Mshika Nadharia, akaapishwa mbele ya bendera. Akiwa hai, nadharia yake ni kweli. Akifa, inakufa naye: jalada lake huwekwa ndani ya jeneza, na taifa huomboleza siku arobaini. Katika siku hizo, kwa heshima ya marehemu, taifa halijui. Akifa Mshika Nadharia ya Mvua, kwa siku arobaini hakuna ajuaye mvua inatoka wapi, na mkulima atakayeonekana akiyatazama mawingu kwa makini huonywa. Siku ya arobaini na moja nadharia mpya huapishwa, na watu huanza kujua tena.

Homa ya Bonde la Kitope ilikuwa imepitia mikono mitatu kwa namna hiyo. Kwanza ilisababishwa na kelele, kwa miaka kumi na tisa, na watu wa bondeni wakaamriwa kunong'ona. Halafu ilisababishwa na mtama mwekundu, ukachomwa wote. Mwisho ilisababishwa na ukungu wa asubuhi, na hiyo ndiyo nadharia iliyodumu kuliko zote. Nadharia huzikwa, lakini desturi zake hubaki: wazee wa Kitope wananong'ona mpaka leo, ingawa hakuna anayewakataza kupaza sauti. Midomo imeshazoea. Na wajukuu wao, wasiojua lolote kuhusu kelele, hunong'ona kwa kuwaiga.

Kwa ajili ya ukungu, serikali iliagiza kila dirisha la bondeni lizibwe kwa udongo na nyasi. Wakaguzi wa Madirisha walipita kila Jumatatu na mihuri. Alfajiri, Kikosi cha Ukungu kilitandaza vitambaa vyeupe na kupima unyevu wake kwa mizani. Wakazi hawakuruhusiwa kupanda mjini wakati wa msimu wa homa, wasije wakabeba ukungu kwenye nguo. Kila mwaka homa iliongezeka, na kila mwaka wizara iliongeza unene wa udongo, kwa kuwa ongezeko hilo lilithibitisha kuwa ukungu bado ulikuwa unapenya.

Hidaya Mpangala alikuwa mpimaji daraja la pili katika Taasisi ya Homa, mji mkuu. Kazi yake ilikuwa kuhesabu wagonjwa na kujaza majedwali, na aliipenda kama wengine wanavyopenda kuimba. Hakuwa mtu wa machozi. Siku waliyomzika mama yake alijikuta anawahesabu waombolezaji. Walikuwa mia moja na nane, na baada ya kuipata namba hiyo akaweza kupumua.

Kosa lake, kama ni kosa, lilianza na mbuzi. Kijiji kimoja cha Kitope kilikuwa na mbuzi waliopenda kulamba udongo wa madirisha kwa sababu ya chumvi yake, na katika nyumba kumi na moja walilamba mpaka mwanga ukaingia. Mkaguzi wa huko alikuwa mgonjwa, hakurudi kuziziba. Hidaya alipojumlisha safu zake mwisho wa mwaka, aliona kwamba nyumba kumi na moja za mbuzi zilikuwa na wagonjwa wawili, na nyumba kumi na moja jirani, zenye cheti cha unene kamili, zilikuwa na wagonjwa kumi na tisa. Akahesabu tena. Akaomba kibali, akaenda kuchekecha vumbi la kuta zile. Katika udongo wa madirisha, kila palipokauka na kupasuka, alikuta papasi: vidudu vya kijivu, bapa, vinavyokaa kwenye nyufa mchana kutwa na kutoka gizani kunyonya damu ya waliolala. Palipokuwa na nyufa nyingi palikuwa na papasi wengi, na palipokuwa na papasi wengi palikuwa na homa. Jedwali lilikuwa na safu tisa, na safu zote zilisema jambo moja.

Hakumwambia mtu. Alikunja karatasi, akaomba kibali cha siku moja, akateremka bondeni kwa mdogo wake.

Sikitu alikuwa ameolewa na Mwinjuma, Mkaguzi wa Madirisha wa kata nzima. Nyumba yao ilikuwa ya mfano. Dirisha lake pekee lilizibwa kwa udongo wenye unene wa shubiri mbili, uliokandikwa kwa mikono ya Mwinjuma mwenyewe, na juu yake ulining'inia muhuri wa wizara na cheti chenye maneno Nyumba Bora. Sikitu alikuwa na mimba ya karibu miezi saba. Homa ilikuwa imemshika, ikamwacha wiki moja, ikamrudia, ikamwacha.

"Karibu, dada," alisema kwa sauti ya chini ya watu wa kule. "Kaa hapo, na usianze kuhesabu vyombo vyangu."

"Sihesabu."

"Unahesabu. Midomo inacheza."

Hidaya alimshika mkono akaugeuza. Ndani ya kiwiko kulikuwa na madoa mekundu. "Yanawasha?"

"Asubuhi tu. Mchana nasahau."

"Yako mangapi?"

Sikitu akacheka mpaka akashika tumbo. "Umeona? Nilisema mimi."

Hidaya akawaeleza. Alieleza polepole, kwa namba, kama anavyosoma ripoti, huku Mwinjuma amesimama mlangoni na kofia yake ya kazi mkononi. Alipomaliza alimgeukia.

"Shemeji, hili dirisha lifungue."

"Shemeji, nakuheshimu sana," Mwinjuma alisema. "Lakini nyumba ya mkaguzi ndiyo inayokaguliwa kwanza. Nikilifungua, Jumatatu nafungwa, Jumanne wanakuja kuliziba, na safari hii wataweka shubiri tatu."

"Mwanamke mjamzito homa hii haimwachi hivi hivi. Akirudiwa mara ya tatu atakufa."

"Kwa ukungu?"

"Kwa papasi."

"Papasi hawamo kwenye sheria," alisema Mwinjuma. Hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtu anayemwarifu msafiri kwamba daraja limekatika.

"Nyie wawili," Sikitu alisema, "mnazungumza kana kwamba dirisha ndilo lenye mimba. Niambieni jambo moja tu. Litafunguliwa lini?"

Hidaya hakuwahi kuahidi kitu ambacho hakukipima. Alimtazama mdogo wake, akatazama udongo ule uliopasukapasuka kama kisigino.

"Kabla hujajifungua," alisema.

Mshika Nadharia ya Ukungu alikuwa Profesa Anselmi Ruheta, mzee wa miaka sabini na minne, mwalimu wa Hidaya tangu chuoni. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya juu ya Taasisi, na ukutani palikuwa na medali tatu. Hidaya aliweka jedwali mezani, akasimama mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Umehesabu mara ngapi?" aliuliza Profesa.

"Mara tatu, Mwalimu. Mara ya tatu nilimpa mwenzangu ahesabu bila kumwambia natafuta nini."

"Vizuri. Niachie."

Alikaa nalo siku saba. Siku ya nane alimwita.

"Nilitafuta kosa," alisema. "Nililitafuta kama mtu anayetafuta ufunguo wa nyumba yake. Halipo." Alivua miwani. "Unajua nilianzaje? Nilisimama juu ya kilima asubuhi moja, nikaona ukungu mweupe umevifunika vijiji vyote vyenye homa, na vijiji visivyo na homa viko juani. Ulikuwa mzuri sana, Hidaya. Nikadhani kitu kizuri kiasi kile lazima kiwe na maana yake. Kumbe ulikuwa umelala tu bondeni, kama ukungu unavyolala bondeni."

"Namba zilikuunga mkono wakati ule."

"Kwa sababu nilizihesabu mimi." Akavaa miwani. "Nadharia itabadilika nikifa. Baba yangu aliishi miaka tisini na sita, na daktari anasema nina moyo wa ng'ombe. Ukinisubiri, utasubiri sana."

"Sikuja kwa hilo, Mwalimu."

"Najua. Ndiyo maana nalisema mimi."

Sheria, aliendelea, ilikuwa na kifungu ambacho hakijatumiwa hata mara moja: Mshika Nadharia anaweza kufariki kwa hiari, kisheria tu, akiwa na afya yake. Wakachukua kalenda. Sikitu alikuwa na siku sitini na tatu mpaka kujifungua. Wakatoa arobaini za kutojua, ambazo dirisha haliruhusiwi kuzibwa wala kufunguliwa. Zilibaki ishirini na tatu, na ishirini na tatu zilitosha kwa kufungua madirisha yote ya bonde, sembuse moja. Hidaya alifanya hesabu hiyo kwa kalamu, Profesa akaihakiki. Ilikuwa sahihi.

Msajili Mkuu wa Nadharia, Bwana Zakaria Tindwa, aliwapokea kwa furaha ya mtu anayeona kifungu cha sheria kikitoka kabatini kwa mara ya kwanza. Alikuwa nadhifu, mwenye mihuri sita iliyopangwa kwa ukubwa.

"Fomu namba tisa," alisema. "Saini ya marehemu hapa. Mashahidi wawili. Na picha mbili ndogo za marehemu, macho yakiwa yamefumbwa."

"Nitaleta kesho," alisema Profesa.

"Sababu ya kufariki?"

"Nimekosea."

Bwana Tindwa aliweka kalamu chini. "Mzee wangu, hilo haliwezekani. Wewe ungali hai mpaka nigonge muhuri, na Mshika Nadharia aliye hai hakosei. Tuandike uchovu."

"Andika uchovu."

"Kwa faida ya nani?"

"Ya ukweli."

"Ukweli hauna anwani. Nitaandika ya taifa." Akaandika. Kisha akamgeukia Hidaya. "Na wewe ndiye mwombaji wa nadharia mpya. Jedwali lako nimeliona. Safi sana. Ila katika siku arobaini hutaruhusiwa kulitazama, maana utakuwa hujui."

"Na wagonjwa?"

"Wagonjwa wataendelea kuugua kama kawaida," alisema Bwana Tindwa kwa upole. "Sheria haiwakatazi."

Mazishi yalifanyika Alhamisi, uwanja wa taifa. Profesa alilala ndani ya jeneza la mninga lililo wazi, suti nyeusi, macho yamefumbwa kama alivyoelekezwa, na jalada la Nadharia ya Ukungu, kilo nne na nusu, limewekwa kifuani. Kikosi cha Ukungu kilipita mbele yake na vitambaa vyeupe. Mara moja marehemu alikohoa, na bendi ya polisi, iliyokuwa imefunzwa kwa jambo hilo, ikapiga kwa nguvu zaidi.

Waziri wa Maarifa Yaliyokubaliwa alizungumza saa moja na nusu. "Nadharia hii," alisema, "imelitumikia taifa miaka thelathini na moja bila kukosea hata siku moja. Wapo watakaouliza: mbona watu wamekufa? Nawajibu: walikufa wakiwa na sababu. Ni nchi ngapi zinaweza kujivunia hilo?" Watu walipiga makofi. Wajumbe kutoka Kitope, walioruhusiwa kupanda mjini kwa siku hiyo tu, walipiga makofi kwa sauti ya chini.

Makaburini jeneza liliteremshwa, na wakubwa walipoondoka, vibarua walimtoa Profesa kwa ngazi, wakafunika jeneza na jalada lake. Alisimama ukingoni, akachota udongo akautupa.

"Miaka thelathini na moja," alisema. Hidaya alimshika mkono, naye hakuuondoa.

Tangu siku hiyo Profesa alikuwa marehemu, na nchi ile huchukulia mambo hayo kwa uzito. Kitambulisho chake kilitobolewa tundu katikati. Jina lake likafutwa kwenye mlango wa ofisi, medali zikakabidhiwa makumbusho. Wenzake walipopishana naye ngazini walitazama ukuta. Mama wa kantini, aliyempikia miaka mingi, alikatazwa kumhudumia, akawa anaacha sahani ya wali na samaki kwenye kona ya veranda na kutangaza kwa sauti kwamba ni ya paka. Profesa alikula hapo, akaosha sahani, akairudisha dirishani. Mchana alikaa katika chumba cha Hidaya, nyuma ya kabati la mizani, akisoma.

Hidaya alihesabu siku. Jambo hilo halikukatazwa. Kumi. Kumi na tisa. Ishirini na saba. Kila asubuhi alichora mstari kwenye kalenda, na kila asubuhi ishirini na tatu za akiba zilikuwa bado ishirini na tatu.

Siku ya thelathini na moja, saa mbili asubuhi, simu ya Taasisi ililia. Ilikuwa Mwinjuma, kutoka ofisi ya kata, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakunong'ona.

"Shemeji, homa imerudi. Mara ya tatu. Na uchungu umeanza toka alfajiri."

"Haiwezekani," alisema Hidaya. "Bado siku thelathini na mbili."

"Mimi nakuambia kilichopo, shemeji. Wewe unaniambia kilichoandikwa."

Aliweka simu chini akafungua mkoba, akatoa jedwali ambalo hakuruhusiwa kulitazama, akalitazama. Safu ya saba, aliyoijaza kwa mkono wake mwenyewe, ilikuwa na kichwa kisemacho Wajawazito. Kati ya wajawazito ishirini na sita waliopata homa, kumi na tisa walijifungua kabla ya wakati, wengi kwa wiki nne hadi tano. Yeye na Profesa walikuwa wamehesabu siku za Sikitu kama siku za mwanamke asiye na homa. Walijua kila kitu kilichotakiwa kujulikana. Kilikuwa kwenye karatasi, sentimita chache kutoka kwenye hesabu yao.

"Safu ya saba," alimwambia Profesa. Mzee aliangalia, akafumba macho, na safari hii hakuna aliyemwelekeza.

Dawa ilikuwepo. Sindano ya homa ilikuwa katika zahanati ya Taasisi, ndani ya kabati lililofungwa kwa muhuri wa lakiri nyekundu. Nesi wa zamu, Tausi, mwanamke mnene mwenye huruma, aliketi mbele ya kabati na mikono mapajani.

"Tausi, nipe dawa. Ni mdogo wangu."

"Anaumwa nini?"

"Homa."

"Homa ya nini, dada Hidaya?" Macho ya Tausi yalikuwa mekundu. "Niambie ya nini niandike. Ukungu haupo, umezikwa. Kingine hakijaapishwa. Wiki iliyopita nilimrudisha mama na mtoto mgongoni. Nilimwambia sijui. Nimesoma miaka mitatu nije kusema sijui. Nikitoa dawa bila sababu, nafungwa mimi na aliyechomwa."

"Mimi ni marehemu," alisema Profesa kutoka mlangoni. "Marehemu hashtakiwi."

Tausi aligeuza uso ukutani, kama sheria inavyotaka mbele ya marehemu, na akabaki ameutazama ukuta mpaka mzee alipokwisha kuvunja lakiri, kuchukua chupa mbili na mabomba manne ya sindano, na kutoka.

Walifika kizuizi cha bonde saa tano. Askari alikagua kibali cha Hidaya, akamruhusu. Akachukua kitambulisho cha Profesa, akachungulia kwenye tundu lake.

"Huyu amekufa."

"Ndiyo," alisema Profesa. "Nina haraka."

"Maiti huingia bondeni kwa njia moja tu, mzee wangu. Njia ya makaburini, kule nyuma ya kilima."

"Huyu ndiye mwenye dawa," alisema Hidaya.

"Basi na akupe wewe."

Akampa. Askari akaichukua chupa mkononi mwa Hidaya, akaisoma. "Na wewe uliye hai, hii dawa ni ya nini?"

Hidaya alikuwa na jibu. Alikuwa na safu tisa za jibu. Alimtazama askari, akajua kwamba akilitamka jibu hilo kabla ya siku ya arobaini na moja, chupa itabaki pale kizuizini na yeye pamoja nayo.

"Sijui," alisema.

"Kama hujui huwezi kuibeba," alisema askari, akaridhika, akairudisha kwa marehemu.

Wakazunguka kilima. Njia ya makaburini ilikuwa ya kwenda polepole, ilichongwa kwa ajili ya watu wasio na haraka, na Profesa alikuwa na miaka sabini na minne. Hidaya alimshika kwapani. Walifika nyumbani kwa Mwinjuma saa tisa na robo.

Sikitu alikuwa amefariki saa nane kasoro dakika ishirini. Mtoto, wa kike, alikuwa ametangulia saa sita. Ndani palikuwa na giza, na wanawake wa Kitope walikuwa wanalia kwa kunong'ona, kilio ambacho ukisimama barabarani hukisikii. Profesa aliweka mabomba ya sindano kwenye kiti. Hidaya alisimama miguuni pa kitanda. Midomo yake ilicheza, lakini hakuna aliyejua anahesabu nini, na hesabu hiyo haikumsaidia kupumua.

Karani wa kata alileta vyeti viwili jioni hiyo. Penye sababu ya kifo alikuwa amegonga muhuri uliotengenezwa kwa ajili ya siku zile: Bila Sababu.

Siku ya arobaini na moja, ukumbi wa Taasisi ulipambwa. Nadharia ya Papasi ingeapishwa saa nne, na vitabu vipya vya shule vilikuwa tayari vimepangwa mezani. Hidaya alifungua kimoja. Kilisema kwamba taifa limekuwa likipambana na papasi kwa miaka thelathini na moja, na kilikuwa na picha ya Kikosi cha Ukungu, ambacho sasa kiliitwa Kikosi cha Papasi, kikitandaza vitambaa alfajiri. Profesa Ruheta hakutajwa. Alikuwa ameketi kiti cha nyuma kabisa, kwa suti aliyozikiwa.

Bwana Tindwa alimwita Hidaya pembeni na jedwali la taifa, lile ambalo Mshika Nadharia hulitia saini kwamba ni kamili.

"Pana pengo," alisema Hidaya. "Kati ya tarehe sita na tarehe kumi na tano ya mwezi uliofuata hakuna aliyekufa kwa papasi."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Nina majina sabini na mawili."

"Wamekufa, hakuna anayepinga," alisema Bwana Tindwa. "Ila wamekufa bila sababu. Wewe ni mtaalamu, fikiri mwenyewe. Mtu aliyekufa wakati taifa halijui hawezi kuja kufa upya kwa sababu taifa limejua. Tukianza hivyo, kesho watakuja waliokufa kwa kelele."

"Nami nitie saini kwamba jedwali ni kamili?"

"Ukikataa, hakuna neno. Tutaendelea na siku za kutojua mpaka apatikane mwombaji mwingine." Alifuta kalamu kwa kitambaa, akamnyooshea. "Madirisha yanakungoja, Mshika Nadharia."

Katika maisha yake yote Hidaya hakuwahi kutia saini chini ya namba asiyoiamini. Alilisoma pengo lile mara tatu, siku arobaini nyeupe, safi, zisizo na mtu. Kisha akatia saini. Watu walisimama wakapiga makofi. Nyuma kabisa mzee mmoja alisimama pia, lakini hakupiga, kwa sababu marehemu haruhusiwi.

Kesho yake aliteremka bondeni kwa njia ya kawaida. Kizuizini askari alimpigia saluti. Alimkuta Mwinjuma uani, amevaa kofia mpya ya Mkaguzi wa Nyufa, na mbele yake patasi mbili na nyundo. Dirisha la nyumba yake lilikuwa bado limezibwa.

"Tumefungua ya kata nzima toka jana," alisema. "Hili sijaweza."

Hidaya akachukua patasi moja. Wakaanza, yeye kwa ndani na Mwinjuma kwa nje. Udongo ulikuwa mgumu, ulikandikwa vizuri na mtu aliyejali. Kila kipande kilichobanduka kilimwaga papasi sakafuni, na Mwinjuma, tundu lilipoanza kupenyeza mwanga, aliwaona. Akaacha kugonga.

"Shemeji."

"Naam."

"Udongo huu nilichota mtoni mimi. Yeye alinisaidia kukata nyasi. Nikamwambia naweka shubiri mbili kwa sababu nampenda, wenzangu wanaweka moja." Sauti yake ilikuwa ya chini, na kwenye tundu lile ilionekana nusu tu ya uso wake. "Wewe sasa ndiye uliyeapishwa. Wewe ndiye unayejua, na hujawahi kunidanganya. Niambie. Sikitu nimemuua mimi?"

Sakafuni, kwenye mstari wa mwanga, papasi walikuwa wanakimbilia gizani. Hidaya alikuwa na safu tisa. Alikuwa na ya saba, ambayo ni yake peke yake na ambayo Mwinjuma hakuwahi kuisoma. Aliweka patasi chini, akapitisha mkono kwenye tundu mpaka ukamfikia shemeji yake begani.

"Sikitu alifariki siku ya thelathini na moja," alisema. "Siku hizo watu walikufa bila sababu. Imeandikwa."

Mwinjuma aliutazama mkono ule muda mrefu.

"Imeandikwa," alisema.

"Nimetia saini mimi mwenyewe."

Akaitika kwa kichwa, akainua nyundo. Walifanya kazi mpaka alasiri, na dirisha lilipokwisha kufunguka lote, jua liliingia mpaka kitandani.